Hatua Thelathini

Tabibu Ambakisye Mwaisengela aligonga lango la nyumba yake mwenyewe kwa fimbo, mara tatu, akasimama kwenye mvua kumsubiri mkamwana wake akimbie.

Ndivyo alivyoingia kwake kila siku kwa miezi minane, tangu mwanawe Lugano alipooa. Gonga mara tatu, kohoa, hesabu mpaka ishirini. Huko ndani mke wa Lugano angeacha lolote analofanya, avute kanga usoni, atokee mlango wa nyuma mpaka jikoni, baba mkwe apite zake asimwone wala asionwe. Katika vilima vya Lupando mengi yalikuwa yamebadilika. Chai ilichumwa na mashine zinazotambaa zenyewe kwenye miteremko, na dawa zililetwa na ndege zisizo na rubani. Lakini mkamwana na baba mkwe? Hapo hapakuguswa. Hawatazamani, hawaongei, hawatajani majina.

Siku hiyo alihesabu ishirini, akaongeza kumi kwa sababu ya matope. Kisha akasikia sufuria inaanguka jikoni, na baada ya sufuria, kimya.

"Mama Lugano!" aliita.

Hakuitikiwa. Akakumbuka kwamba mkewe, Subilaga, ameenda msibani ng'ambo ya bonde tangu asubuhi, na Lugano yuko kiwandani mpaka saa kumi na moja. Nyumba nzima ina mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye asiyeruhusiwa kumtazama.

Alikuwa na njia nyingine ya kutazama. Alikunja mkono wa koti, akagusa kioo cha saa yake, na jina la mkamwana wake likatokea. Alilifunika kwa kidole gumba kama kawaida yake. Sisi tunaweza kulitaja, ni Atuganile, yeye hapana. Chini ya kidole yalibaki maandishi ya kijani: Miaka 23. Hali: HESHIMA.

Basi roho yake ikatua. Binti kasikia fimbo ya mkwewe, kashtuka, kaachia sufuria, sasa kainama mahali kanyamaza. Mzee hata akatabasamu peke yake kwenye mvua, mtu mzima na mvi zake. Na kwa nini asitabasamu? Neno lile kwenye kioo kaliweka yeye mwenyewe.

*

Tuseme ukweli, halikuwekwa kwa nia mbaya.

Punje ilikuja Lupando kwa ajili ya kifafa. Ni kidude kidogo kama punje ya mtama, kinachoshonwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na kila mtu vilimani anacho, mwanamume kwa mwanamke. Vilima vile vilikuwa na kifafa kingi kupita kiasi. Watu walisema ni laana mpaka ilipoonekana kuwa, kwa wengi, ni mayai ya minyoo ya nguruwe. Mtu anayameza na maji machafu au mboga isiyooshwa, yanasafiri na damu, yanajijengea vifuko ndani ya ubongo, na ubongo unaozunguka vifuko hivyo unaanza kuwaka ovyo kama waya uliochunika. Punje inausikiliza umeme huo saa zote. Ikisikia kiharusi inaita msaada. Ikisikia kifafa haisubiri mtu, inatoa mtulizo: mshtuko mdogo wa umeme unaouzima moto kabla haujasambaa.

Mtulizo unaokoa maisha. Ila ukimpata asiye na moto wowote kichwani, anashinda siku nzima kama aliyeamshwa vibaya. Anatafuta maneno hayapati, anasahau mtoto kamlaza wapi.

Sasa, kupitia mfupa punje husikia kwa taabu, kwa hiyo ilifundishwa kuuangalia na mwili. Mtu akisita ghafla, akikodoa macho mahali pamoja, akiitwa haitiki, kisha akaendelea na shughuli zake kama hakuna kitu, punje inasema hicho ni kifafa cha kimya, kile kisichoangusha mtu. Na wakamwana wa Lupando hufanya nini baba mkwe akitokea? Wanasita. Wanaikodolea ardhi macho. Wakiitwa hawaitiki. Loo! Mwezi wa kwanza punje ziliwapiga wanawake mitulizo mpaka ishirini kwa siku, kosa lao adabu.

Wanawake walimjia tabibu zahanati kwa pamoja, yeye akiwa ndiye mfunzaji wa punje kwa vilima vyote. Mbele alikuwa Mama Anyesi, na mkononi ana wembe.

"Tabibu," alisema, "hii mashine yako uifunze adabu leo, au tutazikwangua wenyewe hapa hapa mlangoni pako."

Alikaa siku tatu na mashine yake, akaandika kanuni. Mwanamke akinyamaza, na punje ya baba mkwe wake iko ndani ya hatua thelathini, hicho si kifafa. Andika heshima. Usitoe mtulizo. Na ukishaandika heshima, ziba sikio mpaka baba mkwe aondoke, usiwasumbue watu kwa kuanza na kuacha. Hilo la mwisho aliliongeza kwa huruma tu, jioni ya siku ya tatu, akiwa amechoka.

Vigelegele vilipigwa. Wakubwa wa mpango wa punje huko mjini waliipitisha kanuni iwe sheria ya mashine zote za vilimani, ambayo hata yeye asingeweza tena kuigusa kwa mkono wake, wakamletea cheti. Kilitundikwa sebuleni.

Mwaka uliofuata Lugano akaoa, na sifa zikaanza. "Mkwe wetu ana heshima, Baba Lugano, mpaka basi," Subilaga alimwambia mumewe wakila. "Ukigonga tu, anaganda. Kabla hajakimbia, anaganda, macho kakodoa! Midomo inatafuna tafuna kama anayeomba, vidole vinachezea pindo la kanga. Nikimuuliza baadaye, hakumbuki hata nilimwambia nini. Mtoto anakuogopa huyo."

Na mzee, ambaye kila Jumanne aliwafundisha wanafunzi wa uuguzi kwamba kukodoa macho, kutafuna bila chakula, kuchezea nguo na kutokumbuka ni dalili nne za kifafa cha kimya, akiziandika ubaoni kwa mkono wake huu, alimega tonge lingine la ugali. Alifurahi. Hilo ndilo litakalomuumiza mpaka anaingia kaburini: alizisikia zote nne mezani kwake, akafurahi.

*

Harufu ilimfikia akiwa bado anatabasamu. Nguo inaungua.

"Mama!" aliita kuelekea jikoni, kwa maana jina hakuweza. "Mama, kuna nini huko?"

Kilichojibu ni mlio mzito, kama mtu anayekoroma na kukabwa kwa wakati mmoja. Miaka thelathini na moja ya utabibu haikuhitaji kuambiwa mlio ule ni wa nini.

Aliacha fimbo langoni, akakimbia. Mlangoni pa jikoni miguu yake ikagoma. Mungu wangu, na miguu inaweza kugoma! Akageuka, akaingia kinyumenyume, mgongo mbele, macho kwenye mvua. Hatua mbili hivyo, anapapasa ukuta nyuma yake kama kipofu. Kisigino kikagusa mguu wa mtu, na mguu ule ulikuwa unapiga sakafu kwa kasi.

Akageuka.

Alikuwa ameanguka ubavu karibu na mafiga, uji wa moto umemwagikia mkono wa kushoto, pindo la kanga limeshika moto. Mwili wote ulikuwa unatikisika, meno yameuma ulimi, povu lina damu. Mzee alizima moto kwa viganja, akamburuta mbali na mafiga, akamlaza vizuri ubavu, akamwekea koti lake chini ya kichwa. Hakumtia kijiko mdomoni wala hakumbana mikono, ingawa mikono yake mwenyewe ilitaka kufanya chochote, hata upuuzi. Alimmwagia maji ya mtungi palipoungua. Kisha akatazama saa.

Tangu sufuria ianguke zilikuwa dakika nne. Tatu kati ya hizo yeye alizitumia kutabasamu.

Na kioo, kwa rangi ileile ya kijani tulivu: HESHIMA.

"Mshenzi wee!" aliiambia saa, na hakujua anamtukana nani.

Hapo ndipo alipoelewa kwa ukamilifu kile alichokitengeneza. Punje ya binti ilikuwa nzima. Ilikuwa na umeme wa kutosha kuuzima moto huu kwa pigo moja. Ilikuwa imeziba sikio tu kwa sababu yake yeye, kwa sababu punje ya baba mkwe iko hapa, nyuma ya sikio la baba mkwe, imeshonwa chini ya ngozi. Akitoka nje akavuka hatua thelathini, itazibua sikio. Itachukua dakika moja na nusu kuamini inachokisikia, ndipo ipige. Dakika moja na nusu, na binti huku peke yake, povu na damu mdomoni, akigeukia chali ndiyo basi. Mila ilimtaka akimbie, na mashine nayo ilimtaka akimbie. Zote mbili zilimwambia ondoka.

Hakuondoka. Mkoba wake wa utabibu, uliokuwa bado begani, ulikuwa na chupa moja ya dawa ya kupuliza puani, moja tu. Ndege za dawa hazirushwi kwenye mvua ya namna ile. Dakika ya tano ilipotimia alimshika binti kidevu, akamwinua uso, na kwa mara ya kwanza akautazama.

Alikuwa na kovu dogo kwenye unyusi. Alikuwa na mwanya. Miezi minane mtu anakula alichopika binti huyu, na hajui kama ana mwanya!

Alipuliza dawa. Akaanza kuhesabu kwa sauti, kama anavyowafundisha wanafunzi, na alipofika mia moja na kumi mtikisiko ukapungua, ukawa wa mkono mmoja, ukawa wa vidole, ukaisha. Binti akavuta pumzi ndefu yenye mikwaruzo. Mzee aliketi kwenye majivu na uji, akalia waziwazi, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona.

*

Binti alizinduka baada ya robo saa, macho yanatangatanga. Yalipomkuta mzee yakasimama. Mkono ulioungua ukaanza kutafuta kanga ya kujifunika uso.

"Usijifunike, mwanangu. Mkono huo usiuguse. Mimi hapa ni tabibu."

"Nimekukosea heshima, baba?" Sauti ilikuwa nzito, ulimi umevimba. Mzee hakuwahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa ya chini kuliko alivyodhani.

"Hukunikosea. Niambie, hii ilianza lini?"

"Nikiwa darasa la sita. Kwanza nasikia harufu ya maziwa yaliyoungua, na hakuna maziwa. Kisha sijui kitu. Nikirudi, watu wananitazama."

"Inakuja mara ngapi?"

"Kwetu ilikuja ikitaka. Huku ni nikishtuliwa ghafla tu." Aliangalia pembeni. "Ile fimbo ya langoni, baba."

Mzee alihisi kama kapigwa nayo. Mara tatu, kila siku, miezi minane.

"Kwa nini hukusema? Katika nyumba ya tabibu, mwanangu, kwa nini hukusema?"

"Kwetu walisema." Sasa maneno yalikuja haraka, yakikwaruza. "Walisema nina shetani. Wakanitengea sahani na kikombe, wakasema mate yangu yanaambukiza. Mdogo wangu alikatazwa kulala na mimi. Nikaja hapa, ugonjwa uleule, mama mkwe akanisifia kanisani, mbele ya watu. Kila mtu ananiita mwenye adabu. Ungekuwa wewe, baba, ungesema?"

Mzee alitoa kitambaa mkobani, na binti akaendelea.

"Nilipoolewa huku wakanishona punje, nikasema leo nimekamatwa. Siku ya kwanza ikaja, nikasubiri inishtaki. Kimya. Ya pili, kimya. Nikasema Mungu kanifichia."

"Hakuwa Mungu," mzee alisema. "Alikuwa mimi."

Akamweleza kanuni yote, kwa maneno mepesi, huku anamfunga mkono kwa kitambaa safi. Binti alisikiliza. Alipomaliza, mzee alifungua kumbukumbu za saa, ambazo mfunzaji anaruhusiwa kuzisoma. Kwa binti huyu mashine ilikuwa imeandika heshima mara mia mbili na kumi na mbili. Nyingine zilikuwa heshima kweli, zimetulia. Lakini mia moja na arobaini zilitafuna. Heshima ya kweli haitafuni. Moja ilikuwa ya siku ya Krismasi, saa saba na dakika tano mchana. Aliikumbuka saa ile vizuri. Alikuwa ameingia mlangoni na wageni wa kanisa, akawaambia, mnasikia kulivyo kimya huko jikoni, huyo ndiye mkwe niliyepewa na Bwana.

Halafu akafanya jambo ambalo alikuwa analiogopa. Akaiuliza mashine: vilima vyote, wanawake wangapi heshima yao inatafuna?

Sitini na mmoja, pamoja na huyu.

Sitini na mmoja, kila mmoja na mafiga yake, na kisima chake, na pengine mtoto mgongoni. Na waume zao wanasifiwa kwa kuoa vizuri.

"Utaandika taarifa," binti alisema. Hakuwa mjinga, na wala hakuuliza.

"Kanuni siwezi kuifuta mwenyewe. Mpaka taarifa ya kosa ifike mjini, ndipo waisimamishe."

"Na taarifa ya kosa inasomwa mkutanoni."

Ni kweli. Ndiyo yalikuwa mapatano ya kijiji na wale wa mpango tangu mwanzo, nayo yalipiganiwa: punje ikikosea, kosa lisomwe hadharani, watu waamue kama bado wanaitaka vichwani mwao. Na kosa halipokelewi bila jina la aliyekosewa, kwa kuwa zamani yalikuwa yanafukiwa hivyohivyo, bila majina.

"Baba, nakuomba." Alimshika mzee mkono kwa ule wake mzima, kitu ambacho asubuhi yake kisingewezekana hata katika ndoto. "Nitibu kimyakimya. Nipe vidonge, nitameza kila siku, sitakosa hata siku moja. Lakini wakisoma jina langu pale, kesho nina sahani yangu peke yangu. Lugano atafanya nini? Watamwambia umeoa kifafa."

"Kifafa hakiambukizi kwa mate. Hilo nitalisema."

"Ulilisema miaka thelathini, baba. Walikusikia?"

Zamu hii mwenye kuikodolea ardhi macho alikuwa mzee. Vidonge anavyo, angeweza. Angempeleka mjini akapigwe picha ya kichwa, vifuko vitafutwe na kutibiwa, na hakuna atakayejua. Cheti kingebaki ukutani. Na wale sitini wangebaki kwenye mafiga yao, na yeye peke yake duniani ndiye angekuwa anajua.

*

Subilaga alirudi saa tisa na nusu, amelowa chapachapa. Alifika mlangoni pa jikoni akamkuta mumewe amepiga magoti, mkono wa mkamwana uko mkononi mwake, nyuso zinatazamana.

"Baba Lugano!" Mwavuli ukamwanguka. "Umefanya nini? Umepatwa na nini leo? Jamani, njooni mwone maajabu! Nitauweka wapi uso wangu mimi?"

"Mama Lugano, tulia. Mtoto ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini? Si kuna Mama Anyesi hapo chini, mwanamke mwenzake? Si kuna..."

Hakumaliza. Binti alikuwa amegeuza kichwa polepole, ananusa hewa.

"Maziwa," alisema. "Mama, maziwa yanaungua."

Hapakuwa na maziwa. Macho yakakodoka, midomo ikaanza kutafuna, vidole vikashika pindo la kanga. Subilaga alikuwa ameuona mwendo huo mara mia, na mara mia alikuwa ameusifia. Sasa aliuona ukiendelea, ukishuka shingoni, ukiukamata mkono, ukiuvuta mdomo upande.

"Yesu wangu," alinong'ona. "Ndiyo hii? Ndiyo hii siku zote?"

"Ndiyo hii. Mshike. Mlaze ubavu, kichwa hivi. Usimtie kitu mdomoni, hata akiuma ulimi. Usimwachie."

"Dawa! Mpe dawa!"

"Imekwisha. Mshike, mimi natoka."

"Unatoka kwenda wapi?"

Alikuwa ameshatoka.

Mzee wa miaka sitini na minne mwenye goti bovu alikimbia kwenye matope kumkimbia mkamwana wake. Majirani waliomwona kwa madirisha walifikiri wanajua wanachokiona. Alihesabu kwa sauti. Kumi, akapita mkungu wa ndizi ulioanguka. Ishirini, langoni, akaikanyaga fimbo yake, nusura imwangushe. Ishirini na sita. Goti likasema hapana, yeye akasema ndiyo. Thelathini. Thelathini na moja. Akashika jiwe kubwa la kando ya njia, akasimama, akatazama kioo.

HESHIMA.

"Sikiliza," aliiambia. "Nimeshatoka. Sikiliza sasa, nakuomba."

HESHIMA. HESHIMA. Maji ya mvua yalitiririka juu ya neno hilo. Dakika nzima na nusu. Alisikia mkewe analia huko jikoni, anamwita binti kwa jina, Atuganile, Atuganile, na yeye hapa kama mwizi nje ya kwake.

Kisha kijani kikazimika. Kioo kikawa chekundu, na saa ikatetemeka mkononi. KIFAFA. Mtulizo umetolewa.

Kilio cha jikoni kikakatika.

"Ametulia!" Subilaga alipiga kelele. "Baba Lugano! Ametulia, anapumua vizuri! Rudi ndani, utakufa na baridi!"

Mzee aliinua mguu mmoja kuelekea langoni. Akausimamisha hewani, akaurudisha.

"Siwezi," alijibu.

"Huwezi nini?"

"Kurudi. Nikirudi inaziba tena."

"Basi kitoe hicho kidude chako!"

"Kiko chini ya ngozi, mke wangu. Kinatolewa mjini."

Mvua ilikuwa nzito. Kati yake na mlango wake palikuwa na hatua thelathini na moja, naye alizijua zote. Kwa hesabu ile ile kulikuwa na wanaume sitini wengine vilimani waliokaa muda huu karibu na moto, wanakohoa kidogo kabla ya kuvuka ua, wanafurahia kimya. Hawa wangeweza kuombwa watoke. Siku tatu tu, wakati mjini wanaipitia kanuni, kila baba mkwe aondoke kwake akalale kwingine, na kimya kitakachobaki majumbani kitakuwa cha ugonjwa, hakuna mwenye adabu atakayepigwa bure. Kumbe dawa yenyewe ilikuwa rahisi kiasi hicho. Ila nani atamwambia mzee mwenzake kwamba heshima aliyokuwa anajivunia kifua mbele ilikuwa mtoto wa watu anaungua ubongo? Na ataanza na nyumba ya nani?

Alifungua ukurasa wa taarifa ya kosa. Jina la aliyekosewa. Kidole kikabaki juu ya kioo.

Angeweza kuliandika bila kuuliza. Kanuni ile ya kwanza aliiandika hivyo, bila kumuuliza mkamwana hata mmoja ni kimya gani chake na ni kimya gani si chake. Aliwasikiliza wenye wembe tu.

Akavuta pumzi. Akaita, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia na waliizungumzia mwezi mzima:

"Atuganile!"

Akazungushia viganja mdomo, akaita tena:

"Atuganile, mwanangu! Wako wengine sitini! Jina lako lina haki ya kukataa! Ukikataa nitakaa hapa nje mpaka nipate njia nyingine, nakuapia! Lakini ukikubali nitasimama mimi mkutanoni, si wewe! Na sahani yangu nitaiweka pamoja na yako, kila siku, watu wote waone!"

Alisubiri. Hakuhesabu mpaka ishirini wala thelathini, alisubiri tu, akitweta. Mlangoni pa jikoni akatokea Subilaga, na begani kwake, amejikongoja, uso wazi, mkono umefungwa kitambaa, binti mwenye mwanya. Aliyumba kidogo. Maneno yalimchukua muda kuyapata, kwa sababu mtulizo bado ulikuwa kichwani.

"Andika, baba," alisema. "Lakini na lako."

Mzee akaandika Atuganile. Chini yake, mahali pa chanzo cha kosa, akaandika Ambakisye Mwaisengela, herufi moja moja kwa kuwa kioo kilikuwa kimelowa, akatuma. Kisha akaketi juu ya jiwe, hatua thelathini na moja kutoka mlangoni kwake, akasubiri mjini waisimamishe kanuni, aruhusiwe kuingia.